Shajara ya mradi: miyeyusho rejea ya kupimia floraidi katika maji ya Arusha

Kazi yenyewe

Maji ya miteremko ya Mlima Meru hubeba floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano yanamopita. Mkazi wa Maji ya Chai, Ngurdoto au Oldonyo Sambu hahitaji kuambiwa hilo. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yanatosha kuwa ushahidi. Kinachokosekana ni namba ya kuaminika kwa kila chanzo cha maji. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5 mg/L, na Tanzania, ambayo kiwango chake cha zamani kiliruhusu hadi 4 mg/L, nayo sasa inatumia 1.5. Kisima chenye 1.3 na kisima chenye 1.7 vimekaribiana sana kikemia, lakini kimoja kinapita na kingine hakipiti.

Namba hiyo tunaitoa kwenye elektrodi ya floraidi, kijiti cha kupimia kinachochovywa majini, na elektrodi haijui miligramu. Inatoa milivolti tu. Maana ya milivolti hizo inatokana na miyeyusho rejea, yaani miyeyusho yenye kiasi cha floraidi kinachojulikana, tunayoitengeneza wenyewe. Myeyusho mama, ule mkali ambao mingine yote huzimuliwa kutoka kwake, ukikosewa kwa asilimia 10, kila kisima kitakachopimwa baada yake kitakosewa kwa asilimia hiyohiyo na upande uleule. Kurudia kipimo mara nyingi hakutafichua kitu, kwa sababu kosa linarudi pamoja na kipimo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shajara hii inahusu chupa za plastiki zilizoko mezani, na visima vinakuja baadaye.

Jumatatu: hesabu kabla ya kugusa mizani

Chumvi inayotumika ni sodiamu floraidi, NaF. Uzito wa moli wa sodiamu ni 22.99 na wa florini ni 19.00, jumla 41.99. Katika kila gramu ya NaF, floraidi ni 19.00 ÷ 41.99, yaani gramu 0.4525. Zaidi ya nusu ya kilichomo kwenye kijiko ni sodiamu.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea, na ni kosa la lebo. Mtu hupima gramu 1 ya NaF, huiyeyusha hadi lita 1, kisha huandika "1000 mg/L". Ni kweli, lakini ni 1000 mg/L ya NaF. Ya floraidi ni 452.5 tu. Anayekuja kesho husoma lebo hiyo kama floraidi, na kila sampuli anayopima hutoka ikiwa juu mara 2.21. Maji ya 2.0 mg/L yataripotiwa 4.4. Kijiji kinaweza kufungiwa bomba kwa sababu ya alama mbili za kemia zilizoachwa kwenye lebo. Kila chupa ya mradi huu inaandikwa "mg/L ya F".

Lengo ni ml 500 za myeyusho mama wenye 1000 mg/L ya F. Zinahitajika gramu 0.500 za floraidi. Zidisha kwa 41.99, gawanya kwa 19.00, unapata gramu 1.105 za NaF safi kabisa. Chupa ya kemikali inasema usafi ni asilimia 99.0, kwa hiyo 1.105 ÷ 0.990 = gramu 1.116. Usafi unagawanya, hauzidishi. Njia ya kukagua haraka: chumvi isiyo safi kabisa lazima ipimwe nyingi zaidi, hivyo jibu likiwa chini ya 1.105 hesabu imegeuzwa.

Kwa wanaozoea moli: 1000 mg/L ya F ni 1.000 ÷ 19.00, yaani 0.0526 M (moli kwa lita), na kikomo cha 1.5 mg/L ni takriban 0.000079 M. Kwa namba ndogo hivi mg/L inasomeka vizuri zaidi, na ndiyo inayotumiwa na watu wa maji, basi tunabaki nayo. Kwenye maji haya mepesi mg/L na ppm (sehemu kwa milioni) ni kitu kimoja kwa matumizi yetu.

Neno moja kuhusu mizani. Mizani ya tarakimu mbili, ile inayosoma hadi gramu 0.01, ikipima gramu 1.12 tayari ina shaka ya karibu asilimia 1 kabla hatujafungua bomba la maji. Tunatumia ya tarakimu nne. Asiyekuwa nayo atengeneze myeyusho mzito zaidi kwa wingi zaidi, kwa mfano gramu 11 kwa lita moja, kisha azimue; shaka ileile ya gramu 0.01 inakuwa ndogo ikilinganishwa na gramu 11. Asizidishe sana, kwa kuwa NaF huyeyuka takriban gramu 40 tu kwa lita.

Jumanne: maji, kisha chumvi

Maji kwanza, kwa sababu Arusha maji ndiyo mtego. Mahali pengine mtu akijazia chupa kwa maji ya bomba anaharibu kidogo. Hapa bomba lenyewe linaweza kuwa na 2 mg/L, na myeyusho rejea wa 1 mg/L uliojaziwa nayo unakuwa 3. Kuchemsha hakusaidii: mvuke unatoka, floraidi inabaki. Lita 5 za maji ya 3.3 mg/L zikichemka hadi zibaki lita 4, ukolezi unapanda hadi 4.1. Hilo linastahili kusemwa hata jikoni, maana wako wanaoamini kwamba kuchemsha kunaondoa kila kitu.

Tunatumia maji yaliyokenekwa. Yakikosekana, maji ya betri ya gereji yanaweza kufaa kwa masharti mawili: mhakikishe ni maji ya kuongezea na siyo asidi ya betri, na yapimwe kwanza kwa mita ya kupitisha umeme. Zaidi ya mikrosimensi 5 kwa sentimita tunayaacha. Hata yaliyopita yanawekwa kwenye elektrodi pamoja na bafa (myeyusho saidizi wa Alhamisi) kama kipimo tupu, yaani cha maji yasiyotiwa floraidi.

NaF imekaushwa kwenye oveni, nyuzi 105 hadi 110 kwa saa mbili, ikapoa ndani ya desiketa, chombo kinachozuia unyevu. Ikiwekwa mizanini ikiwa ya moto, hewa inayopanda juu yake huinyanyua sahani na namba inasoma chini. Glavu na barakoa ya vumbi zinavaliwa; hii ni sumu. Dozi inayochukuliwa kuwa ya hatari ni takriban mg 5 za floraidi kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto wa kilo 15 ni mg 75, ambazo ni ml 75 za myeyusho mama, chini ya kikombe cha chai. Chupa inafungiwa kabatini, na myeyusho hauwekwi kamwe kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa.

Mizani ilisimama kwenye gramu 1.1312, na lengo lilikuwa 1.116. Tumeiacha hapohapo. Kuchota na kurudisha chumvi ili kuifukuzia namba nzuri kunamwaga chembe, kunachafua chupa ya kemikali na kuipa chumvi muda wa kunyonya unyevu. Ni bora kupima kinachokaribia, kuandika tarakimu zote, na kuiacha hesabu ifanye kazi yake:

1.1312 × 0.990 = gramu 1.1199 za NaF halisi
1.1199 × 0.4525 = gramu 0.5067 za floraidi
0.5067 ÷ lita 0.500 = 1013 mg/L ya F

Lebo inasema 1013, si "takriban 1000". Kila myeyusho unaotoka humo unarithi hiyo 1.013.

Chumvi iliyeyushwa kwenye bika ya plastiki kwa ml 300 hivi za maji, ikamiminwa kwa faneli kwenye chupa ya ujazo ya ml 500. Bika na faneli vikasuuzwa mara tatu, na masuuzo yote yakaingia chupani, kwa sababu tone linalobaki kwenye bika sasa lina ukolezi mkubwa kuliko myeyusho wa mwisho. Kisha maji hadi karibu na alama, kusubiri joto la chumba, na matone ya mwisho kwa kidondoshi mpaka sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari, jicho likiwa usawa wa mstari. Maji yakipita alama, chupa inamwagwa na kazi inaanza upya. Kufyonza kilichozidi hakurekebishi. Unachofyonza kina chumvi tayari, na ukolezi unabaki umepungua.

Kosa la jirani yake ni kuongeza chumvi kwenye ml 500 za maji badala ya kujaza hadi ml 500. Kwa gramu 1 ya NaF tofauti haionekani. Kwa bafa ya Alhamisi, yenye gramu 58 za chumvi kwa lita, ujazo unaongezeka kwa karibu asilimia 2. Tabia ni moja, basi tujizoeze iliyo sahihi kila mahali.

Chupa ikageuzwa juu chini mara ishirini hivi. Myeyusho ukahamishiwa chupa ya polithini siku hiyohiyo, baada ya kuisuuza kwa myeyusho wenyewe. Kioo kinavumilia floraidi kwa muda mfupi ikiwa haina asidi. Kwa kuhifadhi, ni plastiki tu.

Jumatano: kuzimua

Kanuni ni ileile ya shuleni: ukolezi wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezi wa pili mara ujazo wa pili. Kiasi cha floraidi hakibadiliki, maji ndiyo yanaongezeka.

Myeyusho wa kati: ml 50 za mama kwa pipeti ya tumbo (ile inayochota ujazo mmoja tu kamili), kujaza hadi ml 500. Ni 1013 × 50 ÷ 500 = 101.3 mg/L. Mtu angeweza kutafuta ujazo unaotoa 100.0 kamili, jibu ni ml 49.4, na hakuna pipeti ya tumbo ya ujazo huo. Pipeti ya mistari ingefika hapo kwa makosa makubwa kuliko tofauti tuliyokuwa tunaikimbia. Tunachukua vyombo vya namba kamili na kuvumilia ukolezi wenye desimali.

Miyeyusho rejea mitano, yote katika chupa za ujazo za ml 100:

– ml 10 za 101.3: inatoa 10.13 mg/L
– ml 5 za 101.3: inatoa 5.065
– ml 2 za 101.3: inatoa 2.026
– ml 1 ya 101.3: inatoa 1.013
– ml 5 za 10.13: inatoa 0.5065

Ule wa mwisho umetoka kwenye 10.13 kwa makusudi. Kuutoa kwenye 101.3 kungehitaji ml 0.5, na shaka ya pipeti ndogo ni kubwa kwa uwiano: pipeti nzuri ya ml 10 ina shaka ya takriban ml 0.02, yaani asilimia 0.2, ilhali ya ml 1 inakaribia asilimia 1. Upande wa pili, kila hatua ya kuzimua huongeza shaka yake. Hatua mbili za pipeti kubwa hushinda hatua moja ya pipeti ndogo. Hatua tano hazishindi. Kumbukeni pia kwamba 0.5065 inarithi kosa lolote la 10.13. Ndiyo maana 10.13 imetengenezwa kwanza na kugeuzwageuzwa vizuri kabla ya kuchotwa.

Pipeti ya tumbo haipulizwi mwishoni, isipokuwa iwe imeandikwa hivyo. Ncha inagusishwa ukutani, inaachwa itiririke, na tone dogo linalobaki nchani limeshahesabiwa na mtengenezaji. Kufyonza ni kwa mpira, kamwe si kwa mdomo.

Alhamisi: bafa

Bafa inafanya kazi tatu kwa pamoja: inaweka pH (kipimo cha uasidi) kati ya 5.0 na 5.5, inasawazisha wingi wa ioni kati ya miyeyusho rejea na sampuli, na inaifungua floraidi iliyoshikwa na aluminiamu au chuma. pH ikishuka sana, floraidi inajificha kama HF, ikiwa imeshikana na hidrojeni, ambayo elektrodi haiioni. Ikipanda sana, haidroksaidi inaidanganya elektrodi kana kwamba ni floraidi.

Kwa lita moja: ml 57 za asidi asetiki isiyozimuliwa, gramu 58 za NaCl ya maabara, na gramu 4.0 za CDTA, kemikali inayoshika metali, kwenye takriban ml 500 za maji yaliyokenekwa. Kisha sodiamu haidroksaidi ya 6 M inaongezwa pole kwa pole mpaka mita ya pH isome karibu 5.3, myeyusho upoe, ndipo ijazwe hadi lita 1. Chumvi ya mezani haifai, ina aidini na viungio vya kuzuia kushikamana.

Asidi asetiki hii huganda nyuzi 16.6. Asubuhi za Juni na Julai mjini Arusha chupa yake inaweza kukutwa imekuwa barafu kwenye rafu, na hiyo si dalili ya kuharibika. Inasimamishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, mbali na moto wa aina yoyote kwa sababu mvuke wake unawaka. Isubiriwe iyeyuke yote. Ukichota maji ya juu wakati nusu bado imeganda, unachota sehemu yenye uchafu na maji mengi zaidi.

Ukolezi wa asidi hii tunaupata kwenye lebo: densiti 1.05, usafi asilimia 99.8, uzito wa moli 60.05. Lita moja ina uzito wa gramu 1050, asilimia 99.8 yake ni gramu 1048. Gawanya kwa 60.05, ni 17.45 M. Njia hiyohiyo inafaa kwa asidi yoyote ya chupa: haidrokloriki ya asilimia 37 yenye densiti 1.19 inatoka 12.1 M, salfuriki ya asilimia 98 yenye densiti 1.84 inatoka 18.4 M. Wanaosahau densiti huchukua asilimia 37 kuwa gramu 370 kwa lita na kupata 10.1 M, na "0.1 M" wanayoizimua kutoka hapo inakuwa karibu 0.12.

ml 57 za 17.45 M ni moli 0.99. Ili pH ifike 5.3, takriban asilimia 78 ya asidi hiyo lazima igeuzwe kuwa asetati, kama moli 0.77. Kwa haidroksaidi ya 6 M ni ml 128 hivi. Hesabu hii inatumika kama mlinzi: ikiwa pH imefika 5.3 kwa ml 60 tu, au ml 200 zimeisha na bado, basi kuna kitu kimekosewa, ama asidi, ama haidroksaidi, ama mita ya pH yenyewe.

Haidroksaidi ya 6 M: gramu 60 hadi ml 250. Inachemka yenyewe ikiyeyuka, kwa hiyo bika inakaa ndani ya beseni la maji baridi na vidonge vinaingia vichache vichache kwenye maji, kamwe si maji juu ya vidonge. Vidonge hivi hunyonya unyevu na hewa ya kaboni hata wakati vinapimwa, hivyo 6 M hii huenda ni 5.8. Hapa haijalishi, kwa kuwa anayeamua ni mita ya pH. Ingekuwa ya titresheni (kupima asidi kwa kuidondoshea haidroksaidi), ingejalisha sana, na ingelazimu kupimwa upya kwa asidi inayojulikana. Usahihi unawekwa mahali unapohitajika. Kupoteza saa nzima ukitafuta 6.000 ya kitu kinachorekebishwa kwa pH ni kuiibia muda mizani ya NaF.

Ijumaa: kalibresheni

ml 10 za kila myeyusho rejea zimechanganywa na ml 10 za bafa kwenye bika ya plastiki. Sampuli nazo zitachanganywa vivyo hivyo. Ukolezi unapungua nusu kote kote, basi hakuna cha kuzidisha kwa mbili mwishoni. Wengi huzidisha. Chati imechorwa kwa ukolezi wa kabla ya bafa, na jibu linatoka likiwa la kabla ya bafa.

Elektrodi yenyewe ina fuwele ya lanthanamu floraidi, aina iliyotangazwa na Frant na Ross mwaka 1966. Inasomwa kutoka ukolezi mdogo kwenda mkubwa, inasuuzwa, inagusishwa karatasi laini bila kusuguliwa. Kiputo cha hewa kikikaa kwenye fuwele namba inacheza ovyo. Gonga polepole kitoke. Kipande cha sponji kimewekwa kati ya bika na mashine ya sumaku ya kukorogea, kwa sababu mashine ikikaa muda hupata joto na kulipitisha kwenye bika. Dakika tatu kwa kila myeyusho, zaidi kidogo kwa ule wa 0.5.

Masomo kwa nyuzi 20:

– 0.5065 mg/L: 108.6 mV
– 1.013: 91.8
– 2.026: 74.2
– 5.065: 51.5
– 10.13: 34.0

Milivolti hazifuati ukolezi moja kwa moja, zinafuata logi yake. Mstari uliopita kwenye nukta hizi ni mV = 91.85 − 57.41 × logi ya C. Kinadharia mteremko wa nyuzi 20 ni 58.2 kwa kila kuzidisha mara kumi, wa nyuzi 25 ni 59.2. Tumepata asilimia 98.7 ya nadharia, na hakuna nukta iliyoachana na mstari kwa zaidi ya mV 0.3. Mteremko ungekuwa 50, tungeshuku elektrodi imechoka au fuwele imechafuka. Nukta moja pekee ingetoka nje, tungeshuku chupa hiyo.

Lakini angalieni kitu ambacho mteremko mzuri hauonyeshi. Kama myeyusho mama ungekuwa 452 badala ya 1013, nukta zote tano zingesogea pamoja na mteremko ungebaki 57.41 ileile. Chati nzuri inathibitisha uzimuaji, haithibitishi mama. Kwa hiyo myeyusho mama wa pili umetengenezwa na mtu mwingine, kwa NaF ya chupa nyingine, kwa hesabu yake mwenyewe bila kutazama yetu, na kuzimuliwa hadi karibu 2 mg/L. Ukisomeka kwenye chati yetu ndani ya asilimia 5 ya alichoandika, kazi inaendelea.

Kosa la mV 1 ni kosa la asilimia 4 kwenye ukolezi, popote pale kwenye chati. Miyeyusho rejea iliyolala karibu na dirisha na sampuli iliyotoka juani ndani ya gari zinaweza kuachana kwa nyuzi 10. Zote zikae meza moja hadi zilingane.

Jumatatu: sampuli

Sampuli zimechukuliwa kwa chupa za plastiki zilizosuuzwa kwa maji ya chanzo chenyewe, bila kutiwa asidi. Sampuli K1 imesoma 62.0 mV. 91.85 − 62.0 = 29.85, gawanya kwa 57.41, ni 0.520, kumi kwa kipeo hicho ni 3.31 mg/L.

K4 imesoma 22.5 mV, ambayo kwenye mstari ingekuwa 16.1. Hatuandiki namba hiyo, kwa sababu myeyusho rejea wa juu kabisa ni 10.13 na nje ya hapo mstari ni dhana. ml 10 za K4 zikajazwa hadi ml 50 na kusomwa upya: 62.5 mV, yaani 3.245, mara 5, ni 16.2 mg/L. Kuzimua "10 kwa 50" kuna maana mbili vichwani mwa watu. Kujaza hadi 50 ni mara 5; kuongeza ml 50 za maji juu ya ml 10 ni mara 6, na jibu lingepotoka hadi 19.5. Daftari linaandika "ml 10 hadi ml 50" kwa ukamilifu.

Jumanne: kipimo cha nyongeza

Ili kujua kama kuna kitu ndani ya K1 kinachoificha floraidi, ml 50 za sampuli zimeongezwa ml 1 ya myeyusho wa 101.3. Nyongeza ni mg 0.1013 ndani ya ml 51, yaani 1.986 mg/L. Floraidi ya awali nayo imezimuliwa kidogo: 3.31 × 50 ÷ 51 = 3.245. Jumla inayotarajiwa ni 5.23. Elektrodi imesoma 50.9 mV, sawa na 5.17. Kilichorudi ni (5.17 − 3.245) ÷ 1.986, karibu asilimia 97. Inakubalika, tunaruhusu 90 hadi 110. Mtu akisahau ile ml 1 iliyoongezeka, atapata asilimia 92 na kuanza kutafuta aluminiamu ambayo haipo.

Jumatano: maji ya majaribio ya mkaa wa mifupa

Mkaa wa mifupa, unaotumika kuondoa floraidi majini na ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi, unahitaji maji ya kujaribia yenye ukolezi unaojulikana. Ndoo ya lita 20 imewekwa kwenye mizani na kujazwa kilo 20 za maji; mistari ya ndoo haiaminiki. Maji ya msingi yana 0.8 mg/L, na tunataka 10. Pengo ni 9.2 × 20 = mg 184 za floraidi; mara 2.210 ni mg 407 za NaF. Kwa usafi wa 0.990 ni mg 411. Asiyetoa 0.8 ya msingi atapata 10.8.

Maji ya msingi yasiwe magumu. Kalisi na floraidi hushikana na kutuama: kwa floraidi ya 10 mg/L, maji hayawezi kubeba kalisi nyingi zaidi ya takriban 5 mg/L bila kupita kikomo cha myeyuko. Hii ndiyo sababu maji ya Meru yana floraidi nyingi hivi. Yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kalisi kidogo, na hakuna cha kuiangusha. Ndoo imesomwa baada ya kukorogwa na kusomwa tena kesho yake, na imebaki 10.1.

Lita 1 ya maji hayo na gramu 5 za mkaa, kutikiswa, baada ya saa 24 ikasoma 2.9. Mkaa umechukua (10.1 − 2.9) × 1 ÷ 5 = mg 1.44 kwa gramu. Mkaa uliotumika ni wa rangi ya kijivu cheusi. Ule mweupe umechomwa kupita kiasi na hushika kidogo. Wa kahawia haujaiva, hunukisha maji na kuyapa rangi.

Masalio ya myeyusho mama na wa kati yanakusanywa kwenye ndoo yake, hayamwagwi mferejini. Kila gramu 1 ya floraidi inahitaji gramu 1.95 za chokaa iliyozimwa. Tunaweka mara mbili ya hiyo, tunakoroga na kuacha itulie hadi kesho. Juu hubaki miligramu kadhaa kwa lita, na zinapimwa kabla ya kumwagwa. Masalio yenye bafa yana ndoo nyingine, kwa sababu CDTA huishika kalisi na kuizuia isiangushe floraidi.